Barakoa Isiyopimwa

"Ilde, niambie leo. Usiseme kesho, maana kesho sipo."

Ermes alisema hivyo akiwa mlangoni mwa karakana yetu, mguu mmoja ndani, mwingine kwenye theluji ya barabarani. Hakuwa mtu wa kutulia. Hata kahawa aliinywa akizunguka, na kila alipomwona Baba yangu barabarani aliivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Funga mlango kwanza," nikamwambia. "Ngozi itashika baridi."

"Ngozi ishike baridi! Na mimi je?"

"Wewe una koti."

Aliingia, akafunga, akaanza kuzunguka benchi.

Ilikuwa Alhamisi ya Karnivali, siku za shangwe kabla ya Kwaresima, asubuhi. Kundi la waigizaji la Bi Armida lilikuwa limekaa mjini kwetu Feltre tangu Oktoba, likifanya mazoezi kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa la zamani. Siku ile, saa tisa alasiri, wangewachezea watoto wa mji mchezo wa mwisho. Saa kumi na mbili na dakika kumi jioni wangepanda treni kwenda Belluno, kisha Udine, kisha Trieste, na wasingerudi mpaka zabibu zivunwe. Jumapili, tulipokuwa tukitoka misani, Ermes alikuwa ameniomba nimkubali, tuondoke pamoja, tuoane huko huko Belluno kwa dada yake. Tangu Jumapili sikuwa nimempa jibu.

"Umemwambia Baba?" akauliza.

"Baba amerudi jana jioni kutoka Bassano."

"Amerudi jana jioni, leo asubuhi umemchemshia kahawa, na hukumwambia."

"Nimwambie nini? Baba, sukari hii hapa, na mimi naondoka?"

Alicheka. Kicheko chake kilianza upande wa kushoto wa mdomo, kikasita kidogo kama mtu anayebisha hodi, ndipo kikaenea uso mzima mpaka kwenye kovu la nyusi aliloachiwa na mkokoteni alipokuwa mdogo. Nimekiandika hapa kama kilivyokuwa kwa sababu siku hizi naogopa kukisahau.

"Basi nitamwambia mimi," akasema.

"Thubutu!"

"Kwa nini? Atanila?"

"Unajua anavyosema."

Alijua. Feltre nzima ilijua. Baba yangu, Gelindo, alikuwa mtengenezaji wa barakoa za ngozi, na waigizaji walimfuata kutoka Padova mpaka Trieste. Aliwapenda wakiwa jukwaani. Lakini mtu akimtania kuhusu binti yake alijibu jibu lile lile: "Waigizaji nawauzia nyuso. Watoto siuzi."

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hata Ermes sikuwa nimemwambia. Mkono wa kulia wa Baba ulikuwa unatetemeka. Ulianza majira mawili ya baridi yaliyopita, kwanza kwa kijiko, halafu kwa patasi. Tangu hapo nyundo niliishika mimi. Barakoa zilitoka na alama yake, watu wakasifu mkono wa Mzee Gelindo, naye akaitikia kwa kichwa huku mkono wenyewe ukiwa mfukoni. Nikiondoka, nani angepiga ngozi? Na nani asingejua?

"Jaribu hii kwanza," nikamwambia Ermes, nikamkabidhi barakoa ya mbwa mwitu.

Inabidi nieleze kidogo. Katika michezo yetu ya barakoa, wazee na watumishi na maaskari wa majivuno huvaa, lakini wapenzi hawavai. Mpenzi huingia na uso wake mtupu, ndiyo sheria tangu zamani. Ermes alikuwa mpenzi wa kundi. Mbwa mwitu alikuwa wa Mzee Bortolo, mpaka wiki ile Bortolo alipoteleza kwenye barafu mbele ya duka la mikate akavunjika mguu. Bi Armida akamgeukia Ermes: "Wewe una koo la kubweka. Utavaa." Na barakoa ya Bortolo? Pua yake ilikuwa ndefu kama ufagio, kwa Ermes ingening'inia.

Baba alikuwa Bassano kununua ngozi, siku tatu nzima. Armida akaja kwangu.

Ili kutengeneza barakoa, mwigizaji hulala kwenye benchi, hupakwa plasta usoni huku akivuta pumzi kwa mabua mawili puani. Kutoka kwenye plasta huchongwa kalibu ya mbao, yaani uso wa mti, na juu ya kalibu ndipo ngozi iliyoloweshwa hupigwa kwa nyundo ya pembe mpaka ishike. Kazi ya plasta Baba alinikataza kabisa. "Kumpaka mtu uso ni kumshika uso," alisema, "na wewe ni msichana." Kwa hiyo sikumlaza Ermes kwenye benchi. Nilichukua gogo la msonobari, nikafumba macho, nikaiachia mikono ikumbuke.

Ilikumbuka. Tangu Oktoba, kwenye chumba cha nguo za kundi, kati ya makoti yenye harufu ya kafuri, Ermes alikuwa akiniambia, "Nisome." Nami nilifumba macho nikamsoma kwa vidole: paji, nyusi, kovu, pua, mashavu. Hatukufanya zaidi ya hayo, na yalitosha kunikosesha usingizi.

Ermes akaivaa barakoa. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Akagusa pua, mashavu, nyusi.

"Ilde, imekaaje hivi? Hukunipima."

"Nyamaza."

"Hukunipima hata kwa uzi!"

"Ermes, ukimwambia mtu nitakung'oa masikio. Baba nimemwambia nilitumia kalibu ya Bortolo, nikaweka kitambaa ndani. Akasema itachezacheza lakini kwa siku moja inatosha."

"Lakini haichezi."

"Basi ichezeshe!"

Hilo ndilo kosa langu, na ni mtu wa kazi yetu tu anayeweza kulifanya. Ningeiharibu kidogo. Ningeipanua shavu moja, ningeacha pua ipwaye. Nilikuwa na siku tatu za kuiharibu na sikuweza. Mkono uliopenda haujui kukosea makusudi.

"Saa kumi na mbili na dakika kumi," Ermes akasema, akiwa bado mbwa mwitu. "Nitakuwa stesheni natembea huku na huku. Utanijua."

* * *

Ukumbi ulijaa watoto mpaka kwenye ngazi, wote na sukari ya maandazi midomoni. Tulikaa safu ya pili: Baba, mimi, na Shangazi Elvira, dada yake, aliyefuatana naye kutoka Bassano kuja kula Karnivali kwetu.

"Ni hadithi gani?" Shangazi akauliza.

"Ile ya mbuzi na watoto wake," nikasema. "Mbuzi anaondoka, anawaambia wasimfungulie mtu, mbwa mwitu anakuja."

"Ile ninaijua. Watoto saba. Jukwaa hili litabeba mbuzi saba?"

"Wamebaki watatu, Shangazi. Na mmoja ni Bi Armida."

"Armida! Ana miaka sitini!"

"Ni mwanambuzi aliyechelewa kuachishwa ziwa," akasema Baba, na nilifurahi kumsikia anatania.

Bi Armida alikuwa ameipindua hadithi ile ya watoto kwa akili sana. Alisema alihangaika mwezi mzima akitafuta mbuzi, mpaka akamtazama Mzee Bahili, yule tajiri mchoyo wa barakoa ya pua ndefu, akaona: mbona huyu ana ndevu za mbuzi tangu azaliwe? Basi mama mbuzi akawa baba mbuzi mchoyo. Watoto wake ni binti mrembo asiye na barakoa, Daktari anayesema maneno marefu yasiyo na maana, na Mtumishi mwenye njaa, ambaye ni Armida mwenyewe.

Mzee Bahili akaaga, akafunga mlango, akarudi kuzima mshumaa, akaaga tena. Halafu akaingia Ermes.

Mbwa mwitu alibisha.

"Nani?" wakauliza wanambuzi.

"Ni baba yenu, wanangu. Nimewaletea zawadi!"

"Zawadi?" Armida akashika kichwa. "Jamani, huyu si Baba!"

Watoto ukumbini walicheka mpaka wakakanyagana. Mbwa mwitu akajikuna, akaenda, akarudi, akakohoa kizee.

"Nani?"

"Ni baba yenu. Sijaleta kitu. Na nani ameacha mshumaa unaungua?"

"Baba!" wote watatu wakapaza sauti, wakakimbilia mlango. Lakini Daktari akawazuia: onyesha mkono kwanza. Mbwa mwitu akachovya mkono kwenye unga, akaupitisha chini ya mlango, mweupe. Na Armida, njaa haina adabu, akaanza kuulamba. Akalamba, akalamba, manyoya meusi yakaonekana. Watoto wakapiga kelele, "Usifungue! Usifungue!" Armida akawageukia, mdomo mweupe: "Nimeona, nimeona. Lakini kama mkono una unga, mfukoni si atakuwa na mkate?" Akafungua.

Mbwa mwitu akaingia na kucheka. Barakoa ikacheka naye. Ngozi haina misuli, lakini ilipanda upande wa kushoto, ikasita, kisha ikaenea, kama uso uliozaliwa naye.

"Ee Bikira!" Shangazi akashika kifua. "Mama yake mzazi asingemtambua."

Nilihisi mkono wa Baba umetulia gotini kwake. Ulikuwa mkono wa kulia, ule usiotulia.

"Ilde," akasema polepole, macho jukwaani. "Barakoa ile haichezi."

"Ndiyo, Baba."

"Kitambaa umeweka wapi?"

Nilitazama jukwaani.

"Pua ya Bortolo ni ndefu kuliko hiyo. Hiyo si kalibu ya Bortolo."

"Hapana, Baba."

"Na huyu kijana ni mpenzi wa kundi. Hajawahi kuvaa. Hajawahi kulala kwenye benchi langu." Akanigeukia. "Uso wake umeutoa wapi?"

Ukumbi mzima ulikuwa unapiga makofi. Baba akachukua kofia, akasimama katikati ya mchezo, akatoka akikanyaga miguu ya watoto.

"Anaumwa?" Shangazi akauliza.

"Hapana, Shangazi."

"Mbona amekuwa mweupe kama ule unga?"

* * *

Nilimkuta karakana, hajavua koti. Jiko limezimika, hakuliwasha. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na robo.

"Niliondoka siku tatu," akasema bila kunitazama. "Nilikuambia usimfungulie mtu."

"Hakuingia mtu, Baba. Naapa kwa marehemu Mama."

"Usimwingize mama yako. Uso wa mtu haupatikani bila mtu kulala."

"Hakulala hapa."

"Alilala wapi?"

"Baba!"

"Nakuuliza!"

"Hakulala popote! Nimeushika uso wake. Basi. Kwa mikono hii."

Akakaa kwenye kigoda.

"Tangu lini?"

"Tangu Oktoba."

"Tangu Oktoba." Akarudia kama anayejifunza neno geni. "Tangu Oktoba tunakula ugali wa polenta meza moja, nakuuliza Ilde una nini, unaniambia jino."

"Jino pia liliuma."

"Usinichekeshe, sitaki kucheka." Alisugua uso. "Nimewapima waigizaji miaka arobaini. Unajua kwa nini kila barakoa inawakaa? Kwa sababu chini yake hamna kitu. Leo Feltre, kesho Udine, keshokutwa wamesahau jina la mtaa. Utakaa chumba cha kupanga unashona vifungo, yeye anapigiwa makofi."

"Ermes havai barakoa, Baba. Anaingia na uso mtupu."

"Huyo ndiye mbaya kabisa! Mwenye barakoa angalau unajua amevaa."

Aliinuka, akaanza kupanga patasi ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

"Wale watoto wa hadithi walidanganywa kwa unga wa mkononi," akasema. "Wewe binti yangu ulidanganywa kwa nini?"

"Sikudanganywa, Baba. Yeye hakubisha. Mimi ndiye niliyefungua."

Alinyoosha mkono kuichukua nyundo ya pembe. Sijui alitaka kuifanyia nini, labda kushika kitu tu. Vidole vilitetemeka, nyundo ikamtoka, ikagonga benchi, ikaanguka chini. Mimi na yeye tuliitazama pale sakafuni.

"Ukiondoka," akaanza. Hakumaliza.

Niliiokota, nikaiweka mahali pake. Nilijua mwisho wa sentensi ile. Ndiyo iliyonifunga ulimi tangu Jumapili. Wakati ule nilikuwa nimeshakata shauri: nitakwenda stesheni, nitamwambia Ermes hapana, nitarudi kuwasha jiko.

Mlango ukabishwa.

"Nani?" Baba akauliza kwa ukali.

Theluji ikakanyagwa huko nje. Halafu sauti ya Ermes, ya wasiwasi, ikijaribu bahati yake: "Ni mimi, Mzee Gelindo. Sijaleta kitu."

Pembe ya mdomo wa Baba ilicheza. Aliikaza upesi.

"Mfungulie," akaniambia. "Wewe si ndiye mfunguaji?"

Ermes aliingia na mkono mmoja bado una unga, barakoa imelowa jasho chapachapa. Alivua kofia, akaivaa, akaivua.

"Mzee, shikamoo. Bi Armida amesema ikikaukia hewani bila kalibu yake itajikunja kama soli ya kiatu."

"Armida amesema kweli." Baba akanitazama. "Ilde, lete kalibu."

Nilipanda juu. Nilikuwa nimeificha kwenye kasha, chini ya mashuka ya Mama. Niliposhuka nayo nimeikumbatia, wote wawili walikuwa wamesimama, mmoja huku na mwingine kule, kama watu wanaongoja mgonjwa. Baba aliichukua, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Aliizungusha. Alipitisha kidole gumba kwenye nyusi, akakuta kovu. Mbwa mwitu hana haja ya kovu. Nilisahau, au sikusahau.

"Lala," akamwambia Ermes.

"Mzee?"

"Benchi hilo. Lala. Nakupima sasa, kwa namna inayofaa."

Ermes alilala. Baba akachukua bikari ya chuma, ile yenye ncha mbili kali, akamwinamia. Nilitaka kupiga kelele. Ncha ilikuwa inatetemeka upana wa punje ya mchele juu ya jicho lake. Na Ermes, ambaye sikuwahi kumwona ametulia hata misani, alilala kama jiwe. Hakupepesa.

Baba alipima kutoka jicho hadi jicho, akaenda kwenye kalibu, akalinganisha. Akarudi, pua. Akarudi, taya. Kila mara ncha ile ikicheza juu ya ngozi.

"Huogopi?" akamuuliza.

"Naogopa sana, mzee."

"Mbona hutikisiki?"

"Nikitikisika utakosea kipimo."

Baba alibaki ameinama. "Umeuona mkono wangu," akasema chini chini.

"Nimeuona."

"Utamwambia nani?"

"Nani ataniuliza?"

Baba akajiinua. Akaweka bikari chini, akasimama kitambo mgongo ukiwa kwetu, uso wa mbao mikononi.

"Vipimo ni sahihi vyote," akasema. "Vyote. Umekosea mahali pamoja tu, Ilde. Njoo."

Nikasogea.

"Hapa. Shavu la kushoto limepanda. Kalibu hutoka kwenye plasta, na chini ya plasta mtu hutulia kama maiti. Kalibu zote humu ndani ni nyuso za watu waliokufa, hata kama wenyewe wanakula na kunywa. Hii umechonga mtu anacheka. Haifanywi hivyo."

"Sikujua ninachonga hivyo, Baba."

"Ndiyo," akasema. "Nimeona kuwa hukujua."

Novemba iliyopita, miaka mingi baada ya siku ile, Ermes alipofariki, vijana wa kundi walikuja nyumbani, kofia mikononi, wakaniuliza kama napenda wampake plasta usoni kabla ya jeneza kufungwa, kama walivyofanyiwa wakubwa wao. Niliwashukuru, nikawapa kahawa, nikawaambia hapana. Uso wake ninao, nikawaambia. Hawakuelewa, ila walikuwa na adabu.

Lakini siku ile Baba alichukua barakoa iliyolowa, akaivisha kalibu, akanipa kamba. Nilifunga, yeye akishikilia. Tulifanya kazi ile bila kusema, kama tulivyoifanya mara mia.

"Hii haifunguliwi mpaka kesho mchana," akasema.

Ermes alikuwa ameanza tena kuzunguka. "Mzee, treni ni saa kumi na mbili na dakika kumi. Na Jumamosi tunacheza Belluno."

"Basi nenda ukapande treni yako."

Niliinamisha kichwa.

"Na mbwa mwitu?" Ermes akauliza.

"Mbwa mwitu atakuja na treni ya kesho."

"Nani atamleta?"

Baba alikuwa anasugua benchi kwa kitambaa, mahali pasipo na doa.

"Mimi magoti yangu hayapandi ngazi za treni," akasema. "Na ngozi mpya humtaka fundi wake karibu. Itaachia masikio, itabanduka puani. Itataka kuangaliwa Belluno, na Udine, na huko kwingine mnakokwenda." Akakunja kitambaa. "Huyo dada yako wa Belluno ana kitanda cha ziada?"

"Anacho, mzee! Anavyo viwili!"

"Kimoja kinatosha, ni cha Ilde. Wewe utalala na kundi, chini ya macho ya Armida, mpaka padri aseme lake. Na nitamwandikia padri."

"Baba," nikasema, "na karakana?"

"Karakana haina miguu. Utaikuta."

"Na mkono..."

"Mkono nitamwambia Armida mwenyewe. Nimechoka kuuficha kama mtoto aliyevunja sahani." Kisha akamgeukia Ermes kwa sauti yake ya zamani. "Na wewe bado umesimama hapa? Treni ni ya baba yako?"

Ermes aliniangalia. Hatukugusana. Alinitazama kwanza mikono, halafu uso, kana kwamba sasa ni zamu yake kunisoma, akatoka mbio na kuacha kofia.

* * *

Kesho yake mchana Baba alibeba kapu langu mpaka stesheni, kwa mkono wa kushoto. Shangazi Elvira alilia njia nzima, akisema yeye ndiye atakayeachwa amvumilie Gelindo. Baba aliniwekea maandazi membamba ya Karnivali ndani ya kitambaa cheupe, akanibusu paji, akasema, "Usiyale yote kabla ya stesheni ya Busche."

Niliyafungua kabla hata mji haujaisha. Chini yake ilikuwepo nyundo ya pembe. Aliirithi kwa baba yake, na mpini ulikuwa umelika kwa miaka, mabonde manne ya vidole vyake. Niliweka vyangu humo. Viliingia vikabakisha nafasi. Nilikaa hivyo hivyo, maandazi mapajani, mpaka Belluno.

Ermes alikuwa anatembea huku na huku kwenye jukwaa la stesheni, kichwa wazi kwenye baridi. Alifungua mlango wa behewa kabla treni haijasimama sawasawa.

"Bado hujaniambia," akasema, anahema. "Tangu Jumapili. Ndiyo au hapana? Ilde, sema kitu."

Nilimpa kofia yake. Kisha nikamkabidhi kalibu, barakoa juu yake, imefungwa ndani ya shuka la Mama.

"Shika uso wako," nikamwambia. "Mzito."